Idd Foklifti na Kiti Kisichokuwepo

Ijumaa hiyo Lynette, Mkenya tunayemwita Taarifa, alitukuta kwenye mabenchi ya mgahawa wa Rafiq, hapa Dubai Investments Park. Hata chai hakuagiza.

"Wasee, sikieni! Watafiti wanasema uegemee ukuta, ukunje magoti kama umekaa kitini na kiti hakuna, utulie hivyo hivyo. Ukizoea wiki kadhaa, presha inashuka!"

"Yaani kukaza misuli tu bila kusogea?" akadakia Kasian Spika, ambaye hata akinong'ona anasikika Sharjah. "Basi walinzi wa mall wasingekuwa na presha kabisa. Wale wanasimama mpaka wateja wanawapapasa koti wakitafuta bei!"

Tukacheka, isipokuwa Idd Foklifti. Yeye alishajikunja ukutani, mashavu kayajaza hewa, jasho linamchuruzika.

"We Idd, pumua!" Lynette akamfokea. "Wameandika usibane pumzi, presha itapanda!"

"Si ungeanza na hilo?" Idd akahema. "Video yake niliiona tangu Jumatatu. Wiki nzima nabana!"

"Na wameandika haya mazoezi si mbadala wa dawa. Zako unameza?"

Idd akainamisha kichwa.

"Nimeacha. Chumbani tuko wanane. Mtu akiona vidonge leo, kesho arbab, bosi wetu, kajua. Arbab akijua nina presha, nani ataniachia foklifti? Narudishwa Tanga na begi langu. Ukuta haunichongei kwa mtu."

Hasira zikanipanda. "Utarudishwa Tanga ndani ya sanduku, mjinga wewe!" Huyu jamaa nampenda.

Spika akatazama kushoto na kulia, akatoa kopo mfukoni. Lilikuwa na picha ya farasi kasimama kwa miguu miwili.

"Dawa ya nguvu za kiume?" Lynette akaruka. "Ai, Spika!"

"Kopo tu ndilo la nguvu za kiume. Ndani ni vidonge vya presha, nilivyoandikiwa na daktari. Mwaka mzima nameza mbele ya watu, na wananipa hongera."

Benchi zima hoi. Rafiq akaja kuangalia kama kuna ugomvi.

"Na arbab hajakuona?" Idd akauliza, bado kajikunja ukutani.

"Kaniona! Akaniita ofisini, akafunga mlango, akaniomba kimoja."

"Ukampa?"

"Wallahi nikamwambia ukweli, hizi ni za presha. Nikajua khalas, tiketi ya kurudi kwetu hiyo. Mzee akavuta droo, akatoa pakiti yake. Vidonge vilevile! Kumbe anaumwa kama sisi. Akasema, 'Meza kila siku, rudi kazini.'"

"Basi? Hakukufanya kitu?"

"Hakunifanya kitu. Ila kasema kopo likiisha nimpelekee atie vyake, mkewe asijue ana presha."

Idd akateleza ukutani taratibu mpaka makalio yakafika sakafuni. Akavuta pumzi ndefu.

"Spika, ndugu yangu. Kwenye foleni ya kopo, baada ya arbab, niandike mimi."