Kompyuta ya Gari la Mjomba

Jumatatu, 12 Juni

Gari limekufa tena. Safari hii mbele ya soko la vitunguu, mji mzima wa Taraz ukitazama. Taa ya injini ikawaka, ikazimika, ikawaka, kisha kila kitu kikazimika. Nimesukumwa mpaka nyumbani na watu nisiowajua. Mmoja aliniuliza kama nimeweka nadhiri ya kutembea.

Dosan alifika kabla sijafuta jasho. Huyu ni mwanyumba wangu, tumeoa mtu na dada yake, na ana gari jipya la Kichina linaloongea. Alifungua boneti yangu bila kuombwa. Akatangaza kwamba kompyuta ya injini imekufa na dawa yake ni binamu yake Rauza, fundi umeme wa magari. Nikamwambia gari langu halina kompyuta, lina injini. Alicheka mpaka akashika tumbo.

Rauza akaja. Aliitwa na mke wangu Zauresh, si mimi! Akajikunja chini ya dashibodi, akachomoa kiboksi cha bati, akakinusa. Alisema ndani kuna kondensa mbili, vile vipipa vidogo vya kutunza umeme, zimevuja, nimwachie boksi, Ijumaa asubuhi liko tayari.

Nimwachie? Ili Dosan apite nyumba kwa nyumba akisema gari la Yersayin limefufuliwa na ukoo wake? Nimekataa. Kwa adabu. Rauza alisema akili ni nywele, kila mtu ana zake, halafu akautazama upara wangu.

Shida ni moja. Jumamosi nampeleka Mama kijijini kwao, kwa kaka yake. Nimeahidi. Ni mwaka wa tatu naahidi. Mama ana miaka sabini na tisa, ndugu zake wote wameshatangulia, amebaki Mjomba Tolepbergen peke yake. Leo amesema anataka kumwona angali na miguu yake. Dosan akadakia kwamba atampeleka hata kesho. Nikajibu kabla Mama hajafumbua mdomo: mwanamke hurudi kwao na gari la mwanawe, si la kudandia. Mama akaendelea kunywa chai yake.

Jumanne, 13 Juni

Wazo! Limenijia nikinyoa ndevu, nimejikata mara mbili.

Mpwa ana haki kwa mjomba wake. Mara tatu maishani anaomba chochote, na mjomba hana ruhusa ya kumnyima. Baba yangu alimwomba mjomba wake farasi wa mbio, akampata. Mimi nina miaka arobaini na sita na sijaomba hata mwanakondoo. Na Mjomba Tolepbergen ana gari pacha wa langu! Mwaka uleule, rangi ileile ya maziwa, usukani kulia. Tuliyanunua wiki moja.

Nimedandia lori la saruji, saa mbili za vumbi. Mjomba alinikumbatia, akaniuliza Mama hajambo. Nikanywa mabakuli matatu ya maziwa ya farasi kwa heshima, kisha nikasimama na kutamka: "Mjomba, mpwa wako ana ombi." Akashtuka. Akawatazama farasi wake mmoja mmoja. Nilipomwambia nataka kiboksi tu, kile cha chini ya dashibodi, aliniuliza mara mbili kama nimepigwa na jua.

Alikitoa mwenyewe, polepole, kwa bisibisi ya cherehani ya mkewe. Alisema wazee walinena kwamba mpwa hawi mtu wa ukoo, na leo ameona. Nikacheka. Yeye hakucheka sana.

Jumatano, 14 Juni

Nimefunga boksi. Vifungo vinne, soketi mbili, limeingia kama mguu kwenye kiatu chake. Nikamwita Zauresh ashuhudie. Nikamwita Mama. Dosan akaja bila kuitwa.

Nikawasha. Starta inazunguka, inazunguka, injini haishiki. Kitaa chekundu cha ufunguo kinanikonyeza. Nikajaribu mara ishirini mpaka betri ikaanza kulalamika. Dosan alisema mfa maji haachi kutapatapa, akaenda kula.

Zauresh alimpigia Rauza simu jikoni, akidhani simsikii. Rauza alicheka kwa muda mrefu. Alieleza kwamba boksi linaujua ufunguo wake, kwamba kuna chipu kwenye mpini, na kwamba boksi la watu halitaitikia ufunguo wangu hata niusomee dua. Akaongeza kwamba boksi langu la zamani bado linatengenezeka. Kazi ya saa moja tu, nilete.

Sileti. Mama ameanza kukunja majoho ya zawadi ya kwao, la bluu la Mjomba, la zambarau la mkewe. Kila akikunja moja analikunjua tena na kulipapasa. Nimetoka nje kuvuta hewa.

Jumamosi itafika tu. Nimebakiwa na maombi mawili.

Alhamisi, 15 Juni

Lori la saruji tena. Dereva ameanza kuniita mwenzangu.

Mjomba alikuwa ameketi ndani ya gari lake, mlango wazi, miguu nje. Nikaomba ufunguo. Akapangusa usukani kwa kiganja. Kisha akasema angenipiga, ila anayempiga mpwa mikono humtetemeka mpaka kaburini, na yeye bado anataka kunywa chai bila kumwaga. Akanikabidhi ufunguo pamoja na kamba yake ya ngozi.

Mkewe ndiye aliyenisindikiza mpaka barabarani. Yeye hana maneno mengi. Aliniuliza kama nimeona blanketi kwenye kiti cha nyuma. Nilikuwa nimeliona, na mto pia. Akasema mzee aliviweka Jumatatu, kwa mkono wake. Amechoka kusubiri ahadi zangu. Alikuwa aje mjini Jumatano amchukue dada yake mwenyewe.

Jumatano! Na Jumanne mimi nikaja na ombi langu, naye hakusema neno, kwa sababu mpwa hanyimwi.

Niliona aibu. Aibu ya kweli, njia nzima mpaka kwenye mizani ya malori. Pale nikapata wazo kwamba nikilitengeneza gari vizuri, aibu yote itakuwa imefutika. Nikajisikia nafuu.

Ijumaa, 16 Juni

Sokoni nimechongesha ufunguo bubu, usio na chipu, wa kuzungushia, maana wa Mjomba haugeuki kwenye swichi yangu. Ule wa Mjomba nikaubandika kwa utepe wa gundi kando ya swichi, uwe unanong'onezana na boksi. Fundi gani angefikiria hilo? (Rauza. Alimwelekeza Zauresh jana kwa simu. Lakini gundi ni yangu.)

IKAWAKA! Mara moja! Mama alitoka na kitambaa chake cheupe kichwani, akashika mlango wa gari, akasema, "Mwanangu, kweli?" Nimeishi miaka arobaini na sita kusikia sauti ile. Nikamwambia apande tujaribu mpaka sokoni.

Tuliondoka kwa unyonge. Nikakanyaga mafuta, gari likanguruma bila kwenda. Gia hazibadiliki. Gari limeganda kwenye moja, ile ya kati, na halitaki kuiacha. Tulipitwa na baiskeli. Tulipitwa na bibi mwenye toroli la vitunguu, naye akatupungia. Ikaanza harufu ya kitu kinachoungua. Mama alisema taratibu kwamba anaweza kutembea kutoka hapo, si mbali.

Kumbe gari la Mjomba ni la gia za mkono. Langu ni otomatiki! Miaka yote nayaita mapacha, sijawahi kutazama kati ya viti. Boksi lake halijui kwamba duniani kuna gia zinazojibadili zenyewe, kwa hiyo haliziambii kitu.

Rauza alipita njiani kwa gari. Alisimama, akanusa, hakucheka. Hilo liliniuma zaidi. Alisema nimpe boksi langu leo na kesho asubuhi Mama atasafiri. Dosan alikuwa amekaa kando yake, anatafuna mbegu za alizeti, ananitazama. Nikasema nitafikiria.

Jumamosi, 17 Juni

Saa mbili asubuhi Mama alitoka na furushi lake, akapita mbele ya gari langu, akafungua mlango wa gari la Dosan, akaketi mbele. Hakunitazama kwa hasira. Bora angenitazama. Mimi nilikaa nyuma, majoho mapajani. Gari lile liliniamuru nifunge mkanda mara nne.

Mjomba alikuwa amesimama barabarani tangu alfajiri, kofia kichwani, fimbo mkononi. Mama alishuka gari likiwa bado linasogea. Walishikana viwiko, wakagusanisha vipaji vya uso, wakalia kwa sauti ya chini, kama watu wanaoogopa kuamsha nyumba. Mjomba alikuwa anagusagusa mikunjo ya shavu la dada yake kwa kidole gumba. Miaka mitatu ile niliiona yote pale, na mimi ndiye niliyeikalia.

Dosan alijipangusa macho kwa mkono wa shati. Nami nilijipangusa, ila yangu ilikuwa vumbi.

Chakula kilikuwa kingi. Mjomba alimkatia Mama nyama kwa kisu chake mwenyewe, akamwekea vipande laini.

Jumapili, 18 Juni

Asubuhi Dosan aliwasha gari turudi. Mama hakuinuka mkekani. Alisema, mbele ya watu wote, kwamba yeye harudi na gari la Dosan. Anamshukuru, lakini mwanamke huondoka kwao na gari la mwanawe, si la kudandia. Atarudi siku gari la Yersayin litakapotengemaa na kuja kumchukua. Hata lichukue muda gani. Mjomba aliitikia kwa kichwa, kwa uzito sana, kisha akapatwa na kikohozi, ikabidi ageukie ukuta. Mkewe naye alikuwa na kikohozi.

Nilivimba kifua! Mbele ya Dosan! Baada ya yote haya, Mama bado ana imani na gari langu. Njiani nilimrudia Dosan maneno yale mara tatu, asije akasema hakusikia. Aliongeza sauti ya redio.

Rauza alikuwa kwetu tuliporudi, anakunywa chai na Zauresh. Akasema kwa mara ya mwisho: lete boksi lako, saa moja. Nimemwambia siko tena kwenye mambo ya viraka. Nimebakiwa na ombi moja kwa Mjomba na nalitumia kesho. Nitaomba giaboksi yake. Ufunguo ni wake, boksi ni lake, giaboksi ikiwa yake vitaelewana vyote. Rauza aliweka bakuli chini, akaomba aonyeshwe choo.

Zauresh anafunga furushi, nimpelekee Mama. Ameweka dawa zake, miwani, na lile koti lake zito la baridi la ngozi ya kondoo. Nimemwuliza koti la nini, huu ni Juni. Akasema Mama mwenyewe ameliagiza kwa simu.

Maskini Mama, ameanza kusahau miezi. Ni uzee.