Majina ya Taa za Mwaka

Jumatatu, 19 Februari

Nimeshinda! Shangazi Fang, mwenyekiti wa hekalu letu la Bwana wa Ardhi, mungu mlinzi wa mtaa, amekubali majina ya taa za mwaka, zile anazowashiwa kila muumini apate baraka, yaandikwe kwa kompyuta. Programu nimeitunga mwenyewe. Babu Kang, aliyekuwa akiyaandika kwa brashi kwenye karatasi nyekundu tangu sijazaliwa, amepewa kazi ya kufagia majivu ya ubani. Sikumcheka. Nilisubiri nifike chooni.

Watu wamepanga foleni kutwa. Jina, tarehe ya kuzaliwa, saa ya kuzaliwa, anwani mpaka ghorofa. Bwana wa Ardhi asipojua unakaa wapi, atakulinda vipi? Jumamosi kuhani atayasoma yote mbele yake. Wa kwanza kabisa alikuwa Mama. Mwezi ujao anapasuliwa moyo. Alikuja kwa mguu, akapumzika mara kadhaa njiani, akasema hana wasiwasi kwa kuwa jina lake liko mikononi mwa mwanawe.

Jioni, nyumbani, nikaijaribu programu ile ile kwenye kompyuta yangu kwa ajili ya kujifurahisha. Nikaingiza majina matatu. Nikaifunga. Nikaifungua. Tupu! Nikarudia. Tupu! Nikakimbia hekaluni na kandambili. Ya hekalu ilikuwa bado imewashwa, majina yote yapo. Shangazi Fang alikuwa amesimama kando yake, mkono kwenye swichi.

Nimemwomba aiache. Nimemwambia nitaeleza kesho. Kueleza nini, sijui.

Jumanne, 20 Februari

Kosa nimelijua. Darasa la jioni la Mwalimu Yeh, somo la nne: kuhifadhi data kwenye faili. Siku ile nilikwenda kula tambi za samaki mkunga. Programu yangu inayashika majina kichwani tu, na ikifungwa kichwa kinabaki kitupu. Basi haitafungwa! Mpaka Jumamosi.

Tatizo ni Shangazi Fang. Ana ugonjwa wa swichi. Akiona kitu kinawaka na hakuna mtu, hana raha mpaka akizime. Nimebandika utepe wa gundi juu ya swichi na kuuficha waya chini ya kitambaa cha madhabahu. Nimemweleza kwamba majina yanatakiwa yakae karibu na Bwana wa Ardhi yakipata joto kabla ya kusomwa.

"Yapate joto?" akauliza. "Kwani ni maandazi?"

Ameondoka akinitazama kwa upande. Nimeweka juu ya mashine kifuko cha kijani cha vitafunwa, kama ofisi zote za hapa zifanyavyo ili mashine zitulie. Cha kijani, rangi ya taa ya kuruhusu magari, si cha njano. Mimi si mjinga.

Siwezi kula. Kila mtu akipita karibu na waya, namhesabia hatua.

Jumatano, 21 Februari

Nimemwendea Mwalimu Yeh, nikamwambia nina rafiki mwenye shida. Akaeleza vizuri mno. Faili ni kama karatasi iliyo nje ya kichwa. Programu inafungua faili, inaandika majina, inalifunga. Kesho ikiwashwa inafungua lile lile, inasoma, inayarudisha majina kichwani. Rahisi! Nikaanza kuvaa viatu. Akawa anaendelea, eti kuna namna tofauti za kufungua, kuna kufungua kwa kusoma, kuna kuongeza mwishoni, kuna kuandika upya, na hiyo ya mwisho...

"Mwambie huyo rafiki yako asikimbie kabla sijamaliza," akasema.

Nilikuwa mlangoni tayari. Hofu haina subira.

Nimetunga programu mpya yenye kuhifadhi. Ndipo nikagundua balaa jingine. Programu mpya haiwezi kuingia kichwani mwa ile ya zamani! Na ya zamani haijui kuhifadhi hata herufi moja. Imenibidi nizifungue zote mbili kwenye mashine moja, nisome jina huku, niliandike kule. Jina kwa jina. Anwani kwa anwani. Nikikosea nikafunga dirisha lisilo lake, mtaa mzima umekwisha. Nanong'ona majina peke yangu kama mtu anayeweweseka. Babu Kang amepita na ufagio, akaniuliza kama nina homa. Ana kejeli huyu mzee, ingawa sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye huruma.

Alhamisi, 22 Februari

Tetemeko! Dogo, lakini taa ziliyumba. Watu wote wakakimbilia uani. Mimi nikaikumbatia mashine. Shangazi Fang amesema hajawahi kuona mtu anayelipenda hekalu namna hiyo. Sikumsahihisha.

Alasiri nikamaliza. Nikabonyeza kuhifadhi. Nikalifungua faili kwa macho yangu mwenyewe na majina yote yalikuwamo, la Mama juu kabisa. Nikazifunga programu zote mbili. Nikatoa utepe kwenye swichi, nikamwita Shangazi azime kwa mkono wake. Alifurahi kama amepewa zawadi.

Nimekula bakuli mbili za uji. Babu Kang sasa atafute ufagio mkubwa zaidi.

Ijumaa, 23 Februari

Tupu.

Nimewasha mashine, nikafungua programu. Hakuna jina. Nikalifungua faili lenyewe. Hakuna jina! Nikasoma programu yangu tangu juu. Mstari wa kwanza: fungua faili kwa kuandika upya. Wa pili: soma majina. Yaani kila ikiwashwa inafuta ubao kwanza, halafu inauliza umeandikwa nini.

Nimekaa chini. Mama ameshonesha koti jipya la kuvaa kesho.

Chanzo nimekipata lakini. Nimegeuza kile kifuko cha kijani: kimepita tarehe tangu Desemba. Ndiyo maana!

Nina mpango. Bwana wa Ardhi mwenyewe ndiye atakayetaka majina yaandikwe upya.

Jumamosi, 24 Februari

Ukumbi ulijaa. Nikachukua vile vibao viwili vya mbao vya kumuulizia, nikapiga magoti mbele ya wote, nikauliza kwa sauti kama anapenda watu wake wajiandikishe tena leo, ili baraka ziongezeke. Kimoja kikilala chali na kingine kifudifudi, amekubali. Nikarusha. Vyote chali, maana yake anacheka tu! Nikarusha tena. Bado anacheka. Mara ya tatu vikalala vyote kifudifudi. Amekataa katakata.

Shangazi Fang akavichukua vibao mkononi mwangu.

"Bwana wa Ardhi," akasema, "huyu mtoto ametupotezea majina?"

Akarusha. Kimoja chali, kimoja kifudifudi. Akarusha tena. Vile vile. Mara ya tatu, vile vile. Mama alikuwa mstari wa mbele na koti lake.

"A-Jung," akaniuliza taratibu, "na la kwangu?"

Nikamwambia na lake. Sijawahi kuogopa uso wa mtu kama nilivyouogopa ule, na hata hakukasirika.

Babu Kang ameleta brashi. Foleni ikaanza upya. Mimi nimemsagia wino mkavu wa brashi mpaka vidole vikawa vyeusi, na watu wakila vidonge vitamu vya unga wa mchele vya sikukuu, vilivyopoa, wakinitazama. Jina la Mama limesomwa la kwanza.

Jumatatu, 26 Februari

Shangazi Fang amenipa nafasi ya mwisho. Majina yanasomwa tena kila tarehe mosi, mwaka mzima, na macho ya kuhani hayaziwezi tena karatasi za Babu Kang. Nimeyaingiza yote. Safari hii programu inasoma kwanza, inaandika baadaye. Nikaifunga, nikaifungua. Yamo! Nikazima mashine, nikawasha. Yamo! Nimenunua hata kifuko kipya cha kijani.

Karatasi nyekundu sasa hazina kazi. Nimezichoma kwenye tanuri la hekalu wakati Babu Kang anakula.

Mwalimu Yeh amesisitiza kwamba lazima niwe na nakala. Nimetii. Mimi ni mtu wa kujifunza. Mama anapasuliwa siku mbili baada ya tarehe mosi, na jina lake litakuwa limesomwa. Kwa mara ya kwanza wiki nzima sina hofu hata chembe.

Mashine ilikuwa nzito kidogo kwa vumbi la ubani, nimeipeleka kwa fundi. Amepiga simu sasa hivi kuuliza kama aifute yote, irudi kama mpya. Nimemwambia afute tu, nakala ninayo. Nimeiweka humo humo kwenye mashine, ubavuni mwa faili lenyewe, zisipotezane.