Vayadakti Yawasili Ulemo

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri, uliyetuma udhuru. Waheshimiwa Madiwani, mliopo na mliowakilishwa. Mzee Mughwai, mwenyekiti wa kijiji. Viongozi wa dini, wafugaji, wakulima wa alizeti, nanyi wananchi mliosimama juani kwa hiari yenu: itifaki imezingatiwa. (Makofi, baada ya kuombwa.)

Mimi Stanley, Afisa Mipango wenu, mhitimu wa semina tisa, nimekuja kuwaletea vayadakti, ambayo, kwa mujibu wa fizibiliti stadi, yaani upembuzi yakinifu, niliyoifanya mwenyewe ndani ya gari, ni daraja refu lenye nguzo au matao mengi, linalovuka bonde zima hata kama bonde hilo halina tone la maji. (Sauti: “La kwetu maji yamo.”) Neno hili, ndugu zangu, Waingereza waliliunda yapata miaka mia mbili iliyopita kwa Kilatini, via ikiwa njia, na ducere ikiwa kuongoza, wakiiga jina la mifereji ya maji ya Warumi, na leo, katika zama za soko huria na wafadhili, limefika Ulemo kabla ya kufika Manyoni. (Vigelegele vya mtu mmoja.) Uelewa wa wananchi umepanda kwa asilimia mia na kumi na mbili.

(Mama Selina anasimama: “Shikamoo ya wazee haijatolewa, lakini niseme. Mkwe wangu Rahabu ana mimba ya miezi minane. Zahanati iko ng’ambo. Magogo tuliyokuwa tunavukia mtoni mmeyang’oa jana, baba.” Mzee Mughwai: “Waliniambia ni ya maendeleo, nikatoa vijana.”)

Swali zuri, mama, limepokelewa, litachakatwa. Magogo hayo ndiyo jukwaa hili ninalolikanyaga, na mnaona lilivyo imara. (Kicheko. Kinakoma.)

Vayadakti, juu! Bonde, chini! Kwa kumalizia, nawashukuru kwa ushirikiano wenu wa dhati, kwani mradi wenyewe bado haujachorwa, haujaombewa mfadhili, wala haumo katika mpango wowote. Lakini neno tumelipata, na hatua hiyo haitarudi nyuma. Jukwaa litapakiwa lorini sasa hivi, lipelekwe Ilongero, ambako neno halijafika.

(Mama Selina anakuja mbele, anaketi juu ya gogo la kwanza. Rahabu anaketi kando yake. Kisha wanawake wengine. Lori linasubiri.)