Kopo la Nyanya Lenye Adabu

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Masanduku ya mashine yamefika maktabani kwetu Uvira! Yametoka Bukavu pamoja na binti anayeitwa Fabiola. Wiki nzima atawafundisha watoto walio likizoni kubuni vitu kwa mashine, kisha atarudi kwao. Mashine zitabaki. Nani atazisimamia? Mkurugenzi wetu, Mama Émérance, amesema ataamua Jumamosi, baada ya maonyesho ya watoto.

Nani kama si mimi? Ziwa lilipopanda likaingia mpaka ndani, ni mimi niliyebeba kamusi kichwani. Tatizo ni Norbert, mwenzangu wa meza ya pili. Anavaa tai kila siku na anadhani tai ni elimu.

Nimemwahi. Nimemwambia Mama Émérance kwamba mambo ya roboti niliyasoma Bujumbura. Ukweli ni kwamba Bujumbura nilienda kununua godoro.

Jumanne, 6 Agosti

Sijawahi kuona kitu kama hiki.

Watoto wanashika tableti. Kwenye kioo wanapanga vipande vya rangi kimoja juu ya kingine, kama matofali: tembea, geuka, simama. Kisha mashine inatii! Hakuna anayeivuta kwa kamba. Alliance, mtoto wa mama muuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wa mtaa wa Kalimabenge, amechukua kopo la nyanya akaliwekea vifuniko vya bidoni, madumu ya maji, kuwa magurudumu. Fabiola akamsaidia kufunga ndani kadi ndogo kama kiberiti, inayopokea amri za tableti. Kopo likatoka rafu ya historia, peke yake, likaja mpaka miguuni pangu na kusimama. Nikalisalimia. Ndiyo, nimelisalimia kopo. Wewe ungefanyaje?

Watoto walipoenda kula, nikajaribu mwenyewe. Nilipanga vipande vyote vya rangi, maana niliona vingi ni bora kuliko vichache. Kopo likazunguka kama kuku aliyechinjwa, likapanda kiatu cha Norbert. Akaniuliza kama hivyo ndivyo wanavyofundisha Bujumbura. Nikamjibu kwamba nilikuwa napima breki.

Jumatano, 7 Agosti

Hila mpya: bango. Kabla watu hawajafika nimebandika mlangoni karatasi kubwa ya kutangaza karakana yangu: "Atelier ya Bwana Placide, Mtaalamu wa Bujumbura". Herufi nzuri, wino mwekundu. Wazazi wakisoma, mambo yamekwisha.

Kufika saa sita, mtu alikuwa ameongeza chini yake: "na magodoro". Nilisahau kwamba godoro lile nililishusha mpakani na Norbert, yeye kashika upande wa miguu. Mama Émérance amelichana bango, vipande akavitia kikapuni.

Alhamisi, 8 Agosti

Leo Fabiola amewauliza watoto roboti ijifunze nini. Mmoja akataka icheze muziki. Mwingine akataka iende kuchota maji. Alliance akasema ianze na adabu.

Maktaba yetu imepakana na kituo cha polisi. Asubuhi bendera ikipanda, na jioni ikishuka, firimbi inalia na kila aliye barabarani anasimama palepale alipo, awe na pikipiki au beseni la mihogo kichwani. Hakuna kusema wala kujikuna mpaka firimbi ya pili. Asiyesimama anaenda kujieleza kituoni.

"Nayo iko ya Uvira," Alliance akasema. "Isimame sawa watu wote."

Basi wakalitengenezea kopo sikio la kusikia firimbi na mkono wa kijiti. Wamekosea mara nyingi. Kila wakikosea wanacheka na kupanga upya, kitu ambacho mimi siwezi. Mwishoni Fabiola akapuliza. Kopo likasimama, likainua mkono hadi kwenye paji la uso. Halina paji la uso, lakini wote tuliliona. Akapuliza tena, likashusha mkono, likaendelea na safari yake.

Nilijikuta nimesimama wima, machozi yako karibu. Nikageuka kuona kama kuna aliyeniona. Norbert naye alikuwa wima. Mungu wangu, watoto wa jana tu wamefundisha bati kuheshimu nchi!

Ijumaa, 9 Agosti

Hila kubwa kuliko zote. Jioni nililichukua kopo. Si wizi, ni kuazima kimyakimya. Ningejizoeza nyumbani, na kesho mbele ya wazazi ningeliongoza mimi. Nilivaa koti langu la harusi, kopo nikalificha kifuani.

Sikujua linazimwaje. Lilitembea juu ya tumbo langu tangu mlangoni. Nilikuwa natabasamu kama mtu anayetekenywa. Nikampita Mama Émérance getini. Nikawapita watoto wanaotoka. Nikafika mbele ya kituo.

Firimbi.

Barabara nzima ikaganda. Norbert mguu mmoja chini, mwingine kwenye baiskeli. Mimi nami nikaganda. Magurudumu yakasimama, nikamshukuru Mungu. Kisha nikahisi kitu kinapanda taratibu kifuani. Mkono wa kijiti ukatokea kwenye kola, chini ya kidevu changu, ukapiga saluti.

Siwezi kuurudisha ndani. Siwezi kukimbia. Bendera inashuka kwa utulivu ambao sijawahi kuuona. Polisi anaangalia bendera kwa jicho moja na kidevu changu kwa lingine. Na mimi, katikati ya aibu ile, nilikuwa nawaza tu: limesikia! Ndani ya koti, gizani, limesikia!

Firimbi ya pili. Kopo likaendelea na safari, likatoka chini ya koti, likaanguka kwenye mawe. Gurudumu moja likaruka. Mkono ukavunjika.

"Muko na nini ingine mu koti, Papa?" polisi akaniuliza.

Nikamfungulia koti lote aone mwenyewe. Nilikuwa namtazama Alliance akiokota vipande vya kopo na kuvitia kwenye gauni lake, na maonyesho ni kesho. Hakulia. Ingekuwa nafuu kama angelia.

"Papa Placide, ungetuuliza tu," akasema. "Tungekufundisha."

Niliona aibu mpaka kwenye nyayo. Naandika hili mara moja tu.

Jumamosi, 10 Agosti

Wamelitengeneza asubuhi. Mkono ni mpya, gurudumu limekaa upande, kopo linachechemea kidogo. Wazazi walijaa hadi kwenye ngazi. Firimbi ilipolia, ukumbi mzima ukasimama pamoja na kopo, bibi mmoja wa kijiji cha Makobola akajifuta macho kwa kitenge. Nami nilijifuta, kwa mkono.

Usimamizi wa mashine na wa darasa amepewa Norbert. Kwangu, Mama Émérance amesema kwa kuwa nina hamu kubwa hivyo, kuanzia Jumatatu nikae benchi la watoto, nianze mwanzo.

Jumatatu, 12 Agosti

Benchi ni fupi, magoti yananifika masikioni. Alliance amekaa kando yangu na kunionyesha kipande kimoja tu. Kimoja! Nimekiweka. Samaki mdogo wa kuchorwa akatikisa mkia kwenye kioo, akaogelea kutoka upande huu hadi ule. Ni mimi niliyemwambia. Nimemrudisha na kumtuma tena hadi tumbo likadai chakula. Sijawahi kufurahi hivi tangu nizaliwe.

Kwa kipaji hiki ni wazi siwezi kubaki mwanafunzi wa kawaida. Kesho darasa linachagua kiongozi. Mpinzani ni mmoja, Lionel, ana miaka saba na anapendwa na wote. Nimeshanunua biskuti za kuwagawia wapiga kura, na nimeanza kueneza habari kwamba bado ananyonya kidole.