Sindano Anauza Moyo

Siku majina ya waliochaguliwa chuo cha udaktari yalipobandikwa ubaoni, watu wote waliangalia majina. Sindano aliangalia watu.

Waliochaguliwa hawakumhusu. Hao walikuwa wanarukaruka na kuwapigia simu shangazi zao, hawana shida na mtu. Macho yake yalikuwa kwa wale wengine, wanaosoma orodha mara ya pili, mara ya tatu, kisha kwa kidole, kana kwamba jina linaweza kujificha nyuma ya jina la mwenzake. Walikuwa wengi, walikuwa wamevaa vizuri, na karibu kila mmoja alikuwa na mzazi pembeni anayesema, "Utaomba tena mwakani," kwa sauti ya mtu aliye msibani.

"Hawa wameishiwa moyo," Sindano alijiambia. Na watu wakiishiwa kitu, mwenye akili hufungua duka.

Jina la Sindano hakupewa na mama yake. Alipewa na mji, kwa sababu maneno yake yalikuwa yanakuingia kabla hujakunja mkono wa shati. Aliwahi kuuza dawa ya kuotesha nywele, naye ana kipara kinachong'aa. Aliwahi kuuza kiwanja ambacho mnunuzi alikiona vizuri kiangazi tu, kwa sababu masika kilikuwa ziwa. Lakini moyo ulikuwa bidhaa ya heshima. Hauozi, hauhitaji ghala, na mteja akilalamika kwamba haukufanya kazi, unamwambia hakuutumia vizuri.

Wiki haikuisha akawa amepanga chumba juu ya duka la fundi cherehani. Aliweka viti ishirini, kioo kirefu na makoti meupe kumi na mawili kwenye misumari. Mlangoni akaandika: KITUO CHA MOYO WA DAKTARI MTARAJIWA. Tiba yenyewe ilikuwa nyepesi. Mwombaji anavaa koti, anasimama mbele ya kioo, anajiambia, "Daktari, habari za asubuhi," na anajijibu, "Nzuri, Daktari." Hivyo kila siku mpaka majina yatoke tena.

Mteja wa kwanza alikuwa mwenye duka la mabati, anamvuta binti yake kwa kiwiko.

"Huyu kakosa mara mbili," alisema. "Na mimi shemeji yangu nilishamwambia mwanangu ni daktari. Sasa shemeji kaanza kukohoa."

"Anakohoa sana, mzee wangu?"

"Kila nikimpigia simu!"

"Basi tumwingize binti darasa la haraka," alisema Sindano kwa huzuni kubwa. "Lina ada yake, lakini."

Binti alifungua mdomo kusema kitu. Baba akamvika koti.

Kufikia wiki ya tatu, viti vilikuwa vimejaa na wengine wanasimama. Ndipo akaingia mwanamke mmoja mwenye mikono iliyokunjamana kwa sabuni. Alikuwa anafua nguo za hospitali kuu, na wenzake walimwita Dobi. Alikuwa ameomba udaktari mara nne, na chuo kiliruhusu mara tano, basi. Alikuwa amebakiza moja.

Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kwenye misumari, akashika koti, akaligeuza.

"Kaka, haya umeyapata wapi?"

"Ng'ambo, dada yangu. Yamevaliwa na madaktari bingwa."

"Haya ya bucha. Mimi nafua makoti ya madaktari kila siku. La daktari lina mfuko wa kalamu hapa kifuani. Hili halina, kalamu isije ikaangukia nyama."

Sindano alitupa jicho kwa wazazi waliokaa mstari wa nyuma. Akashusha sauti. "Dada, unaitwa nani vile?"

"Naitwa mtu asiyelipa ada."

Papo hapo Dobi akawa msaidizi wa mkurugenzi. Sindano alijipongeza kimoyomoyo, maana kumziba mtu mdomo kwa cheo hakuna gharama. Na mapema tu akaona amepata faida juu ya faida. Dobi alikuja na madaftari yake ya miaka minne, akawagawa waombaji makundi, akaanza kuwafundisha baiolojia na kemia. Vijana waliokuwa wanasalimiana na kioo wakaanza kubishana kuhusu figo. Sindano alihamia chumba cha nyuma na birika lake la chai, akawa anatoka siku za ada tu.

Kitu kimoja Dobi alikitaka kwake: saa moja kila alasiri, ajifanye mwenyekiti wa jopo la usaili. Maana mara zote nne alifaulu mtihani, akaangukia hapo.

"Kwa nini unataka udaktari?" Sindano aliuliza, miguu juu ya meza.

"Napenda kusaidia watu."

"Uongo."

"Sio uongo!"

"Basi ni ukweli wa kuazima. Dada, nimedanganya miaka ishirini, jibu la kuazima nalinusa likiwa bado kwenye ngazi. Tena."

Alimsaili hivyo wiki sita, na bila kutaka akawa msaili mzuri kuliko yeyote mjini, kwa sababu hakuna aliyejua uongo kama yeye. Siku moja Dobi alikuja macho mekundu, akaweka madaftari mezani.

"Nimechoka, kaka. Nafua usiku, nasoma mchana. Nikikosa mara hii ndiyo basi tena. Bora niache mwenyewe kuliko kuachwa."

Mtu anayeuza moyo alipaswa kuwa na hotuba. Sindano aliitafuta, hakuiona. Alichokiona ni darasa lililojaa na mwalimu wa bure anayeondoka.

"Ukiacha wewe," alifoka, "baiolojia atafundisha nani? Mimi? Mimi nilidhani figo ni mbili kwa sababu moja ni ya akiba!"

Dobi alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akayachukua madaftari yake. Kwa hiyo tuseme haki: kituo kile kiliwahi kumtia mtu moyo mara moja, na mwenyewe hakukusudia.

Alasiri ile aliulizwa tena kwa nini anataka udaktari. "Kwa sababu nafua damu ya watu nisiowajua," alisema. "Kila shuka najiuliza, mwenye hii alipona? Nimechoka kuuliza shuka."

Sindano alishusha miguu kutoka mezani. "Hiyo," alisema polepole, "hiyo ningeinunua."

Wazazi, kwa upande wao, walitaka karatasi. Sindano akaamuru vyeti: Cheti cha Uvumilivu, Cheti cha Imani, Cheti cha Kutokata Tamaa Daraja la Pili. Dobi aliandika, Sindano alitia sahihi, arobaini kwa mkupuo, simu sikioni, bila kusoma hata mstari. Kusoma uongo wake mwenyewe kulimchosha.

Dobi naye alikuwa na fomu ya chuo, na ndani yake sehemu aliyoiacha wazi miaka yote minne: *Umewahi kuongoza nini?*

Majina yalipotoka, Sindano alipanda ngazi akiwa na furaha, maana siku ile ndiyo siku ya mavuno. Fundi cherehani, mwenye nyumba, akamzuia kwa futi yake ya mbao.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Kituoni kwangu!"

"Kwako? Barua uliyosaini inasema chumba umemkabidhi yule dada. Na nakala aliyopeleka chuoni inasema yeye ndiye mwanzilishi na mkurugenzi, wewe ni mtu wa kujitolea uliyeleta viti. Tena umeshukuru."

Sindano alimpita kwa nguvu. Ndani, darasa lilikuwa linaendelea. Dobi alikuwa amechaguliwa, na wengine wanne pamoja naye. Binti wa mabati hakuomba kabisa. Alikuwa amejiandikisha ufundi wa magari, na alikuja kuwaaga wenzake tu. Ada ilikuwa imefutwa. Kodi walichanga wenyewe.

"Umenitapeli!" Sindano alipiga kelele. "Mimi niliyekuamini!"

Darasa lilicheka, na hilo ndilo lililomuuma. Akanyoosha koti lake la suti.

"Sawa. Sitaki chumba, sitaki viti. Niombe radhi tu, mbele ya hawa, niondoke na heshima yangu."

"Sikuombi," alisema Dobi.

"Hata kwa kunong'ona?"

"Hata kwa ishara. Nilifundisha mimi, viti ulileta wewe. Katika karatasi zote ulizotia sahihi maishani, ile ndiyo pekee yenye ukweli. Ulinisaidia kwenye usaili, kwa hilo nakushukuru, na nitakushukuru mpaka uzeeni. Siku ukiletwa wodini kwangu unaumwa, nitaacha chakula changu nije nikutibu. Lakini radhi, kaka, sikuombi."