Nyembe Tatu za Mzee Boga

"Wallahi, nitakayosema ni kweli tupu," aliapa Mzee Boga, mkono juu, kabla hajaulizwa lolote. Kidevu chake, kilichozoea ndevu za mwezi mzima, asubuhi hiyo kiling'aa kama sahani ya harusi.

Kilichomwapisha ni habari. Rai, ambaye hapo barazani kwa kahawa, Msambweni, hujulikana kwa jina la Gazeti, alikuwa ndio kwanza ametangaza: gari la Chome, kongwe kuliko magari yote ya upande huu mwaka ule wa hamsini na sita, limezima kwenye mpando wa Kwale, likienda Kinango kumchukua bibi harusi wa mwanawe. Na vali za enjini yake, vile vizibo vinavyofunguka na kufungwa, jana alizipima Boga.

"Mimi nimepima vali za malori ya vita, Uhabeshi," alisema Boga. "Alfajiri barafu, adhuhuri tunakaanga mayai juu ya boneti. Sikio tu linanitosha."

"Sikio lipi?" Gazeti aliuliza. "Hilo lisilosikia adhana?"

"La kulia. La kushoto nalitumia kwa magurudumu."

Lori la nazi likasimama. Chome akashuka, vumbi hadi kwenye kope.

"Shikamoo, Mzee Boga."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia joto la Kwale limekuonea."

"Gari liliondoka hapa likiimba. Enjini ilipopata moto likaanza kukohoa, kisha kimya. Wakwe wamesema alasiri ikipita, binti hatoki ndani. Hebu niambie, vali uliziachia nafasi gani?"

"Unene wa nyembe tatu zilizobanwa pamoja. Zile zile ulizoninunulia."

Jefwa, fundi wa malori asiyependa maneno, aliacha kupuliza kahawa yake.

"Nyembe tatu zingetosha," alisema. "Chuma kikipata moto hurefuka, sharti ukiachie pa kurefukia. Hilo lilipimwa kwa wembe mmoja. Likiwa baridi linakwenda. Likipata moto, vali hazifungi."

"Huenda nyembe za siku hizi ni nyembamba," Boga alisema.

"Tuzione."

Boga aliutia mkono mfukoni mwa kanzu, ukakaa huko muda mrefu kama umepata kazi. Gazeti akachoka kungoja, akanyoosha kidole, akakipitisha kidevuni mwa mzee taratibu, kama anayekagua vumbi juu ya kabati.

"Laini," alisema. "Chome, vali zako ziko hapa."

Kikaratasi kikatoka, kikafunguliwa. Wembe mmoja ulikuwa na grisi. Mbili zilikuwa na povu la sabuni lililokauka, na unywele mweupe.

"Nimealikwa harusini," Boga alisema kwa sauti ndogo. "Mlitaka niende kama beberu?"

"Harusi ipi?" Chome aliuliza. "Hii uliyoizima mpandoni?"

Jefwa akatoa kitambaa afute nyembe. Boga akamzuia.

"Liache povu. Nalo lina unene wake."

Gazeti alihesabu vikombe vya watu wote, na cha dereva wa lori aliyekunywa kwa haraka, na Boga akavilipia bila kuapa. Kisha lori likageuzwa kurudi Kwale, wakampandisha Boga juu ya nazi, Jefwa ubavuni mwake, nyembe zote tatu mkononi mwa Jefwa.

"Mkifika," Gazeti alimwambia Jefwa, "mnyime kioo."