Ombi la Sare kwa Mkaguzi wa Vidonge vya Mume

Gertruda Ndunguru,
Ukata, Mbinga.
14 Agosti 1997

Mheshimiwa Mganga Mfawidhi wa kituo chetu cha afya,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, maana ukiugua wewe sijui sisi tutapimwa na nani.

Mimi ni mke wa Nicholaus, yule mzee mrefu aliyekuwa mpima kahawa wa ushirika kabla wanunuzi binafsi hawajaja na mizani zao. Mwezi wa tano mlimkuta na presha ya kupanda. Nesi Tadea akamwandikia kidonge kimoja kila asubuhi, kisha akanishika mkono, akasema, "Mama Ida, huyu hatameza. Wewe ndiye macho yangu." Niliupokea uteuzi huo kwa unyenyekevu. Siku hizi kila kitu kinabinafsishwa, nikaona na Baba Ida amebinafsishwa kwangu. Hata hivyo, kazi hii ina matatizo:

1. Sina sare. Nikisema, "Fungua mdomo, inua ulimi," mzee ananiuliza unesi nilisomea wapi. Nesi Tadea akisema maneno hayohayo ndani ya gauni lake jeupe, mdomo unafunguka mpaka koromeo linaonekana.

2. Mkaguliwa ni mjanja. Kidonge hukibana shavuni, akatoka kama anayekwenda kutazama mbuzi, akakitema. Jogoo wetu amekuwa mpole mno, nadhani presha yake imeshuka. Mwezi uliopita, nikifua koti lake la kanisani, nilikuta vidonge kumi na kimoja mfukoni. Nikamuuliza vinangoja nini.

"Vinangoja niumwe," akasema. "Mtu haumwi, anywe dawa ya nini?"

Nikamkumbusha kwamba kaka yake, Romanus wa Litumbandyosi, naye hakuwa anaumwa. Aliamka mzima, akaenda kuchuma kahawa, akarudishwa kwa machela mdomo umepinda, na hakusema neno tena mpaka tulipomzika.  Siku ile mzee alimeza bila kuambiwa. Mimi nilikwenda jikoni nikakaa kidogo nikifuta macho, kwa sababu ya moshi. Kesho yake akaanza tena.

3. Kanisa halinipi ushirikiano. Nilimwomba Padre amkague ulimi wakati wa komunyo, kwa kuwa hapo tu ndipo mzee hufungua mdomo bila ubishi. Padre alijibu kwamba hiyo si kazi ya altare.

4. Mkaguliwa amepata hifadhi. Wifi yangu Kunigunda, nyumba ya tatu kutoka kwetu, humpa ugali na usipa, wale dagaa wa chumvi mliomkataza, na kutangaza kwamba kaka yake hapekuliwi kama gunia la kahawa.

Kwa hiyo naomba nipewe gauni jeupe, tochi ya kumulika mdomoni, na barua yenye mhuri. Naomba pia itangazwe kwamba mwanamume yeyote wa Ukata asiyeonyesha ulimi asipewe chakula na mtu yeyote, hata dada yake. Akikaidi, mgambo wamshike, mimi nimmezeshe. Wake watano wa majirani zetu wako tayari kufanya kazi chini yangu.

Nisalimie wauguzi wote, mlinzi wa getini, na yule mama anayewapikia uji wagonjwa.

Wako katika ukaguzi,
Gertruda Ndunguru (Mama Ida)

N.B. Kabla sijaituma barua, Nesi Tadea amefika kumpima Baba Ida. Presha imeshuka, akamsifu. Kisha akasema, "Mama, na wewe kaa hapo." Nikakaa ili kumridhisha. Amenipima mara tatu, ameniandikia kidonge kimoja kila asubuhi, na Baba Ida ameteuliwa kuwa macho yake.

Bwana Mganga, tafadhali futa namba moja hadi nne. Ukaguzi huu ni dharau. Mtu mzima hachunguliwi mdomoni kama mbuzi wa mnadani, na mimi siumwi popote. Tangu nianze kuandika nyongeza hii mzee amesimama mlangoni na kikombe cha maji, na uji wake unapoa. Cha leo nitakimeza ili akale. Cha kesho sijaahidi.